Majira ya joto Uingereza: Glyndebourne jioni moja, au Globe, Proms na Royal Academy?

Msomaji wa Kaizari:
Wanajamvi, salaam. Ninaishi London kwa sababu ya kazi. Sikusomea muziki wala uchoraji, ila nimependa tamthilia tangu tuliposoma shuleni *Juliasi Kaizari* ya Shakespeare, iliyotafsiriwa na Mwalimu Nyerere. Mwaka huu nimeweka akiba ndogo ya majira ya joto, nami ninapima njia mbili. Ya kwanza ni kuitumia karibu yote kwa jioni moja ya opera, yaani tamthilia inayoimbwa, huko Glyndebourne, jumba la opera lililo mashambani nje ya London, ambako kiti kizuri huweza kuzidi paundi 200. Ya pili ni kuigawa: kusimama uani pale Globe, ukumbi wa tamthilia za Shakespeare; kusimama kwenye Proms, matamasha ya muziki wa okestra; na kuingia Maonyesho ya Majira ya Joto ya Royal Academy, taasisi ya sanaa ya uchoraji na uchongaji. Ninawaomba waliokwishafika wanilinganishie yale ambayo macho na masikio huyapata, kwa kuwa bei ninaweza kuzisoma mwenyewe.

Binti Kilindini:
Kaka, kwa mtu aliyeanzia kwa Kaizari, Globe ndiyo ya kwanza, na usinunue kiti. Viti vyenyewe ni mabenchi ya mbao, na nguzo za jukwaa huwaziba baadhi ya watazamaji. Tiketi ya kusimama, ambayo ni ya paundi chache tu, hukupa nafasi bora kuliko nyingi za gharama kubwa. Ukiwahi foleni utaegemeza viwiko kwenye ukingo wa jukwaa. Hapo utaona mate yakimtoka mwigizaji anapolaani na uzi uliofumuka kwenye pindo la joho lake, na pengine atakukazia macho wewe, akuulize swali lililoandikwa miaka mia nne iliyopita na kungoja kana kwamba jibu unalo. Ua huchukua watu wapatao 700 na hauna paa, kwa hiyo mvua ikinyesha mtalowa, na miavuli hairuhusiwi kwa sababu huwazuia walio nyuma. Chukua koti la mvua na viatu vya kusimamia saa tatu. Nami siwezi kuitaja Globe bila kukumbusha kwamba mwaka 2012, zilipochezwa pale tamthilia 37 kwa lugha 37, *The Merry Wives of Windsor* ilichezwa kwa Kiswahili na kundi kutoka Kenya. Jukwaa lile limekwisha kuisikia lugha yetu.

Baharia Mstaafu:
Binti yangu ameisifu Globe kwa haki, lakini naona Glyndebourne inapimwa kwa bei peke yake. Sauti ya opera haipitishwi kwenye kipaza sauti. Hutoka kifuani mwa mwimbaji, hupita juu ya okestra nzima, na ukubwa wa ukumbi ndio huamua ikufikie ikiwa na uzito gani. Ukumbi wa sasa wa Glyndebourne, uliofunguliwa 1994, una viti takriban 1,200 na ndani umevikwa mbao, ilhali Royal Albert Hall, ambako Proms hufanyika, huingiza zaidi ya watu 5,000. Mwimbaji akishusha sauti hadi karibu na kunong'ona, Glyndebourne utamsikia hata ukiwa nyuma. Tena waimbaji hukaa pale wiki nyingi wakifanya mazoezi pamoja, na matunda yake yanaonekana katika namna wanavyosikilizana jukwaani. Mapumziko marefu ya takriban saa moja na nusu, ambayo watu hula chakula bustanini wakiwa wamevalia suti nyeusi, huenda yakakutia hofu. Usiogope, chukua mkeka na chakula chako kutoka nyumbani. Na kama hujatimiza miaka 30, uliza kuhusu tiketi nafuu za vijana kabla ya kukata tamaa.

Sikio Huru:
Mzee wangu, heshima yako, lakini kuna jambo hukumweleza. Kila mwaka Glyndebourne hupeleka mojawapo ya opera zake kwenye Proms, waimbaji walewale na okestra, japo bila mandhari kamili ya jukwaa. Katika miaka ya karibuni nafasi ya kusimama imekuwa paundi 8, na nyingi huuzwa siku hiyohiyo ya tamasha. Ni kweli kwamba ukumbi ule wa umbo la yai ulijulikana kwa mwangwi, hata mwaka 1969 yakatundikwa darini yale masahani makubwa ili kuupunguza. Lakini anayesimama chini, hatua chache kutoka kwa wapiga fidla, husikia sauti kabla haijafika darini. Tangu Proms zilipoanzishwa mwaka 1895 nia ilikuwa mtu wa kawaida asikie muziki mkubwa kwa fedha kidogo, na nia hiyo bado inatimizwa.

Rangi na Turubai:
Royal Academy nayo imeachwa pembeni. Maonyesho yake yamefanyika kila mwaka tangu 1769, na mtu yeyote anaweza kuwasilisha kazi ili ichaguliwe. Ndiyo maana picha ya mchoraji mashuhuri huning'inia jirani na ya mtu asiyejulikana. Kuta hujazwa kwelikweli, na macho huchoka baada ya vyumba vitatu. Kwa sababu hiyo mimi ningependekeza Tate Modern, jumba la sanaa ya kisasa, iwe ya kwanza: kuingia kwenye mkusanyiko wake wa kudumu ni bure, na kutoka Globe ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Ukiwa unafuatilia sanaa ya huku Uingereza, watafute Lubaina Himid, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya Uingereza, mwaka 2017, na Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi, anayechora kwa rangi za mafuta juu ya lubugo, kitambaa cha gome la mti kutoka Uganda, akiyaacha matundu na mishono yake yaonekane ndani ya picha.

Msomaji wa Kaizari:
Nawashukuru nyote. Globe na Tate Modern zitakuwa siku moja, na opera nitaisikia kwanza Proms nikiwa nimesimama. Mzee Baharia, nikiipenda, mwakani nitakuja Glyndebourne. Je, ninaweza kurudi London usiku uleule?

Baharia Mstaafu:
Unaweza, mwanangu. Treni kutoka kituo cha Victoria, London, hufika mji wa Lewes kwa muda wa saa moja hivi, na kutoka hapo kuna basi la kwenda ukumbini. Angalia saa ya treni ya mwisho kabla ya kununua tiketi ya opera, kwa maana zipo opera zinazomalizika usiku sana.