Mrejesho: CV imepunguzwa, Kiingereza kimeanza kufunguka

Wakubwa, mtakumbuka mwezi wa tatu niliwauliza mbona naomba kazi za stoo hapa Kisumu na siitwi, na nikipigiwa simu Kiingereza kinanikwama kooni. Nimerudi.

CV ilikuwa kurasa nne. Nikatoa dini, hali ya ndoa na nambari ya kitambulisho, zikabaki mbili. Lakini aliyenifaa zaidi ni yule aliyeniambia niache kujisifu "mchapakazi", niandike nilichofanya. Basi sasa inasema: nilipokea mifuko 300 ya saruji kwa wiki katika duka la vifaa vya ujenzi, Kondele, nikahesabu mali kila Jumamosi, miezi 8 bila upungufu. Kumbe nilikuwa na la kusema!

Kiingereza nacho, kila jioni najirekodi kwa simu dakika tatu nikisimulia siku yangu, kisha nasikiliza. Aibu tupu. Nilikuwa nachanganya "he" na "she" hadi mama mwenye duka akawa mwanamume. Si ajabu: kwa Kiswahili wote ni "yeye", na Kijaluo hakitofautishi pia. Nikirudia sentensi ileile mara tano, ulimi unazoea. Mke wangu anacheka, ila siku hizi ananiuliza maswali ya mahojiano akipika.

Nimeitwa mara mbili. Ya kwanza nilifeli kwenye Excel, ile programu ya majedwali ya kompyuta, sikuwa nimejiandaa kabisa. Ya pili naanza Jumatatu, majaribio miezi mitatu.

Aliyesema atanionyesha Excel, bado nakungoja.