Mjadala: Gharama za magereza zipunguzwe kwa kumtoa nani?

Jirani wa Kariobangi (nimeanzisha)

Kila bajeti ikisomwa, magereza hulia ukata, na majibu huwa yale yale mawili: jela mpya zijengwe, au wafungwa walime wajilishe. Naleta la tatu, na najua wapo watakaonirukia. Pesa zinavujia rumande, kwa watu ambao hakuna korti iliyosema wana hatia. Tukianzia hapo, tutaokoa pesa bila kumwachilia mtu hatari hata mmoja.

Magereza yetu ya Kenya yanashikilia watu zaidi ya 50,000, na hayakujengewa umati huo. Zaidi ya theluthi moja ni mahabusu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, inampa aliyekamatwa haki ya dhamana kwa masharti ya wastani, isipokuwa pawe na sababu nzito ya kumzuia. Kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimpeleki mtu rumande kabisa. Hayo ndiyo yaliyoandikwa.

Sasa tazama yanayotendeka. Kijana wa ploti yetu alishtakiwa kuiba simu ya elfu kumi na mbili. Korti moja ya hapa mjini ikampa dhamana ya elfu hamsini pesa taslimu, au bondi ya laki moja na mdhamini mmoja. Mamake anauza sukuma wiki sokoni. Mdhamini anatakiwa alete logbuku ya gari au hati ya shamba. Nani kwenye ploti yetu ana hati ya shamba? Kijana akakaa ndani miezi saba, kesi inatajwa na kuahirishwa, shahidi haji, faili haionekani. Mwisho mlalamishi akachoka na kesi ikaondolewa. Tuseme mlo mmoja unagharimu shilingi hamsini tu: miezi saba, mara tatu kwa siku, hiyo ni zaidi ya elfu thelathini, chakula peke yake. Sijahesabu askari, maji, dawa, wala mafuta ya gari la kumpeleka kortini. Na simu yenyewe haikupatikana.

Huyo hakuzuiliwa kwa kuwa ni hatari. Angekuwa hatari asingepewa dhamana. Alizuiliwa kwa kukosa elfu hamsini.

Mwenye Duka, Githurai

Hapo kwa "hata mmoja" ndugu yangu umeniacha. Duka langu limevunjwa mara mbili. Mmoja wa waliokamatwa alitoka kwa dhamana, na kabla wiki haijaisha alikuwa steji ananisalimia kwa jina. Kwa jina! Huyo kwenye karatasi zenu si hatari, kesi yake ni ya kuvunja duka tu, hakuna aliyeumizwa.

Mkisema gharama imepungua mnamaanisha ya serikali. Yangu imepanda: nimeweka grili mpya, taa za usiku, na soja wa kulipwa kila mwezi. Mzigo mmeutoa kwa Hazina mkaniwekea mimi kichwani.

Na msidhani ni Kenya tu. California mwaka 2014 walipiga kura wizi wa mali isiyofika dola 950 uwe kosa dogo, wapunguze wafungwa. Mwaka 2024 wapiga kura hao hao wakarudi debeni wakakaza tena sehemu ya sheria ile. Watu walichoka.

Kijana wa Umoja

Na wale wa kanjo je, wanaokamatwa na askari wa jiji? Mtu anauza soksi, anapigwa faini, hana, anaingia ndani. Kwa mizani ya sheria ya jinai faini ya elfu kumi ukishindwa kulipa inaweza kukupa hadi miezi mitatu. Serikali ilitaka elfu kumi zake, sasa inakulisha wewe. Hesabu gani hiyo?

Afande Mstaafu

Nimesoma nikasema wacha nichangie, maana nimevaa hizo sare miaka mingi, hapa Nairobi na nje.

Mzee wa duka, sikupingi kuhusu huyo wa steji. Lakini acha nikueleze kazi ilivyo ndani. Asubuhi unaanza na hesabu. Wamechuchumaa wawili wawili, unahesabu, isipotimia unaanza upya. Wadi iliyojengewa watu wachache ina wengi mno, usiku wanalala kwa ubavu, mmoja akigeuka wote wanageuka. Aliyeshikwa na misokoto miwili ya bangi yuko na anayengoja kesi ya wizi wa mabavu. Sheria inataka watengwe, lakini utawatenga wapi? Huyo wa bangi akitoka ana namba za simu ambazo hakuingia nazo. Wewe mwenye duka ndiye utakayelipia masomo hayo.

Halafu usalama. Novemba 2021 wafungwa watatu wa kesi za ugaidi walitoroka gereza la Kamiti. Nchi nzima ikawasaka, serikali ikatangaza zawadi ya shilingi milioni 60, na baada ya siku chache wakapatikana Kitui. Kamishna Jenerali wa Magereza akafutwa kazi. Wengi mlilaumu hongo, sawa, uchunguzeni. Mimi nasema na hili: askari ambaye siku nzima anahesabu wezi wa kuku na wauza soksi hana macho yaliyobaki ya kumtazama gaidi. Macho ya askari pia ni gharama.

Kuhusu kulima na viwanda, msitarajie makubwa. Kamiti inatengeneza namba za magari, fanicha za magereza ni imara kuliko nyingi za Gikomba (samahani wenzangu wa Gikomba), na tangu 2018 kuna shirika la serikali la kuendesha biashara hizo. Ila fundi ni wa kifungo kirefu. Mahabusu hajahukumiwa, huwezi kumpa jembe kama mfungwa, na leo yuko, kesho ameitwa kortini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mnaowalisha hawazalishi kitu.

Nawaomba jambo moja. Mkipunguza, msianze na askari. Nimeona nyumba za mabati ambazo askari jela wanalelea watoto ndani yake. Hapo hakuna cha kukata.

Mwanafunzi wa Sheria

Mwenye Duka ametaja California, nami nitaje Texas, ambako hakuna atakayesema ni walegevu. Mwaka 2007 waliambiwa kwamba kufikia 2012 wangehitaji vitanda 17,000 zaidi magerezani. Badala ya kujenga vyote hivyo, bunge lao likatenga dola milioni 241 kwa matibabu ya ulevi na dawa za kulevya, na usimamizi wa watu nje ya jela. Ongezeko lililotabiriwa halikutokea, uhalifu ukaendelea kushuka, na mwaka 2011 wakafunga gereza moja la zamani.

Nasi tulijaribiwa bila kupenda. Korona ilipoingia 2020, zaidi ya watu 4,000 waliachiliwa kutoka magerezani ndani ya wiki chache, na kesi zikaanza kusikizwa kwa video. Kumbe faili zinaweza kupitiwa haraka zikitakiwa.

Mwenye Duka, Githurai

Texas wana pesa, dada. Sisi tutachukua ile nusu ya kufungua milango, ile nusu ya matibabu tutaambiwa ingoje bajeti ya ziada.

Jirani wa Kariobangi

Hapo umegonga ndipo, na ni mahali ambapo wanaharakati wenzangu hupita haraka. Texas walitoa pesa kwanza, vitanda vikapungua baadaye. Sisi tuna sheria ya huduma kwa jamii tangu 1998. Mtu ambaye angefungwa miaka mitatu au chini anaweza kufanya kazi ya umma akilala kwake: kupanda miti, kusafisha zahanati, kuzibua mitaro. Sheria tunayo. Kuna mtu humu anayefanya kazi hiyo atuambie kwa nini haibebi wengi zaidi?

Niko Probesheni

Nimeitwa, nimeitika. Sisi wa probesheni ndio tunaowasimamia wanaotumikia adhabu nje ya jela. Siwezi kutaja kituo changu.

Mtu analetwa kwangu na amri ya korti, tuseme saa mia moja na ishirini. Nampeleka kwa chifu afyeke. Chifu anasaini daftari. Siku ya tatu haji. Napiga simu, imezimwa. Kumtafuta Mathare au Mukuru ninahitaji nauli, na nauli hiyo mara nyingi ni ya mfukoni mwangu. Nikichelewa kumripoti, hakimu anakasirika, na kesi nyingine kama hiyo ikija anaona heri amfunge. Simlaumu.

Pia sisi ndio tunaoandika ripoti za dhamana. Hakimu anauliza: huyu anakaa wapi, ana nani, atarudi kortini? Ripoti nzuri inataka niende hadi nyumbani kwake, niongee na jirani, niongee na mlalamishi. Nikienda, najua kijana wa simu arudi kwao bila hiyo elfu hamsini, na najua pia yule wa steji ana kesi nyingine mbili na azuiliwe. Nisipoenda, naandika kutoka mezani, na hakimu anaweka kiwango cha pesa kwa kubahatisha. Hapo mwenye pesa anatoka, awe hatari au asiwe. Asiye nazo anabaki. Mzee wa Githurai, huyo wako yaelekea alitoka kwa njia hiyo: alikuwa nazo.

Mwenye Duka, Githurai

Hilo sikuwa nimelitazama hivyo. Lakini mimi hakuna aliyeniuliza chochote. Sikupigiwa simu kwamba ametoka, nilimwona tu.

Mwanafunzi wa Sheria

Na ilifaa uulizwe. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inataka usalama wa mwathiriwa na familia yake uzingatiwe masharti ya dhamana yanapowekwa.

Jirani wa Kariobangi

Basi narekebisha pendekezo, nitakalopeleka bajeti ikija kwa maoni ya umma. Kabla mahabusu mmoja hajapunguzwa, maafisa wa probesheni waongezwe kwenye korti za Makadara na Kibera, wawe na nauli. Kila aliyepewa dhamana akashindwa kuitoa, faili yake irudi kwa hakimu baada ya wiki mbili na ripoti mpya, si baada ya miezi. Anayeonekana hatari azuiliwe kwa sababu iliyoandikwa, asiwekewe bei. Na mlalamishi apigiwe simu kabla mshtakiwa hajatoka. Nafuu ikipatikana kwenye chakula na magari, ibaki huko huko kwa miaka ya kwanza, isirudi Hazina.

Sisemi wezi wa mabavu watoke, wala siwagusi wale wa ugaidi wa Kamiti.

Mwenye Duka, Githurai

Hiyo ya simu nitaiunga mkono. Ya kusafisha mitaro bado nina shaka nayo, nitaamini nikiwaona na majembe. Na wa duka langu akirudi sitangoja ripoti.

Afande Mstaafu

Ukimpiga ukamuumiza, mzee, ni wewe utakayeletwa ndani, na dhamana utaitafuta kama mama wa sukuma. Polepole.

Kijana wa Umoja

Bado hamjajibu ya kanjo.

Niko Probesheni

Ya kanjo ni rahisi kuliko zote: korti iruhusu faini ilipwe kidogo kidogo, au siku tatu za kufagia soko lile lile analouzia. Hao hawatoroki, bidhaa zao ziko pale. Ni wa Mathare wanaohitaji nifuate.

Afande Mstaafu

Basi kwenye hilo pendekezo ongezeni pikipiki. Na mafuta, kwa sababu tulishawahi kuletewa magari bila mafuta.