Tupeane uzoefu: joto la oili na maji ukikimbiza gari raundi kadhaa

Mwanzisha mada, Nakuru
Wadau, wikendi nilipeleka Subaru Impreza yangu ya injini ya EJ20, ile ya tabo (kinachosukuma hewa zaidi kwa injini), kwa autokrosi, yaani mbio za magari za mzunguko, hapa karibu. Raundi ya tatu mshale wa maji uko katikati kama kawaida nikajua niko sawa, kumbe geji ya joto la oili niliyofunga juzi inasoma nyuzi 134. Nikatoa mguu, nikapanda gia nikaenda polepole, na oili ikachukua karibu raundi mbili kushuka hadi 110 wakati maji yalishapoa kitambo. Mshale wa dashibodi umetengenezwa ukae katikati hata joto likicheza, ukiuona unapanda umeshachelewa. Nyinyi mnafanyaje? Leteni yaliyowapata wenyewe.

Jatelo, Kisumu
Pole sana bosi. Mimi ilinipata nikipanda kutoka Ahero kuelekea Kericho. Fundi alikuwa ametoa themosta, kile kifaa kinachozuia maji yasiende kwa rejeta mpaka injini ipate moto, akasema Kisumu kuna joto haina haja nayo, nikamwamini. Huku chini injini ilikuwa haipati moto vizuri, inakunywa mafuta, na mlimani ikachemka hivyo hivyo kwa sababu shida ilikuwa rejeta imeziba. Fundi wa pili alipomwaga maji kwa ndoo yalitoka rangi ya chai ya maziwa na vipande vya kutu vikazama chini, hiyo ni miaka ya maji ya mfereji bila kulanti, ile dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta. Saa hii themosta imerudi na ni kulanti na maji nusu kwa nusu. Msikubali kutolewa themosta jamani.

Nyanya wa Gia, Eldoret
Mnasahau mwinuko. Nakuru ni kama mita 1,850 juu ya bahari, maji ya sufuria huko yanachemka kwa 94 hivi, si 100. Kwa rejeta kinachoyazuia yasichemke mapema ni presha, na presha inashikwa na kifuniko. Raba ya kifuniko changu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, nikabadilisha hosi mbili na pampu bure kabla ya mtu kukiangalia.

Fundi wa Gilgil
Mwenye mada, usizime injini ukitoka tu raundi. Raundi ya mwisho enda gia ya juu bila kukanyaga, halafu simama uiache ikiwaka dakika mbili, la sivyo oili iliyobaki kwa tabo inaungua na kugandia hapo. Maji yakianza kupanda ukiwa mbali fungua hita yote na madirisha, ni mateso lakini inasaidia. Na hili vumbi jeupe la upande wa Elmenteita, laini kama unga, linajaza rejeta mpaka hewa haipiti. Lioshe na hosi ya bustani ukipitisha maji kutoka upande wa injini kuja mbele, presha ya kuoshea gari inakunja vile vibati vyembamba.

Mwanzisha mada, Nakuru
Asanteni sana. Nimetoka kukagua kifuniko sasa hivi, raba imekauka ngumu kama plastiki, kesho asubuhi natafuta kingine. Aliyefunga rejeta ndogo ya oili kwa EJ20 aniambie ameiweka wapi, maana nikiiweka mbele naogopa itapulizia rejeta ya maji hewa moto.