Dakika mbili za kuongea kikao cha bajeti, nizitumieje?

mama_mbaazi: Hamjambo wenzangu. Nauza mbaazi na mahamri barazani kwangu. Mtaro wa maji taka umeziba tangu Ramadhani, wateja wanakula huku wameshika pua. Alhamisi kaunti inakuja ukumbi wa wadi kupokea maoni ya bajeti. Mwaka jana nilipewa maikrofoni, nikaanza kusalimia wazee, viongozi, kina mama... nikaambiwa muda umekwisha. Mtaro sikuutaja!

karani_mstaafu: Mama, salamu iwe moja tu. Kisha andika, maana ya ukumbini hupeperuka. Taja mtaro unaanzia wapi na kuishia wapi, nyumba ngapi zinaathirika, mnataka nini. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ukae nayo. Ibara ya 196 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inalitaka bunge la kaunti lishirikishe umma. Si hisani hiyo.

fundi_bomba: Nenda mapema ujiandikishe. Wanaofuata soda na nauli huwa washajaza orodha.

mama_mbaazi: Nyumba ni 14, nimetoka kuzihesabu. Na wakijibu "tumesikia" kama kawaida yao?

karani_mstaafu: Basi kuna Ibara ya 37, haki ya kuwasilisha malalamiko kwa mamlaka. Mwandikieni karani wa bunge la kaunti, majirani wote watie sahihi.

mama_mbaazi: Wote 13 labda. Wa kona hatii, bomba la choo chake ndilo linalomwaga humo.