Mkanda wa jeshi umepona, maumivu yamebaki: asikloviri na vitamini B, au gabapentini?

Kijana wa Kizota: Wakuu, mama alitoka mkanda wa jeshi. Vipele vimekauka ila ubavu unamuwaka moto, hata khanga ikimgusa anaruka. Famasi ya mtaani wananiambia arudie asikloviri pamoja na vitamini B. Rafiki yangu anasema gabapentini, dawa ya maumivu ya mishipa ya fahamu. Hela inatosha upande mmoja. Nichukue ipi?

Bi Nkuhungu: Vipele vilitoka lini? Ana umri gani? Sukari, presha, figo? Mwanangu, unataka tupige ramli?

Msukuma wa Dom: Sindano za vitamini B, maliza. Mimi zilinitoa ganzi ya miguu.

Tabibu Mstaafu: Ganzi yako siyo mkanda wa jeshi. Asikloviri inazuia kirusi kuzaliana, na inasaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee. Vipele vikishakauka na maumivu yakabaki, tatizo ni mishipa ya fahamu iliyojeruhiwa, siyo tena kirusi kuzaliana.

Kijana wa Kizota: Shikamoo daktari. Ni miezi minne sasa. Ana miaka 66, anatumia metfomini, dawa ya sukari.

Bi Nkuhungu: Sasa ndiyo unasema!

Tabibu Mstaafu: Marahaba. Hiyo asikloviri iache. Metfomini ya muda mrefu huweza kushusha vitamini B12, kwa hiyo apimwe, akipungukiwa aongezewe. Ila usitegemee vitamini pekee izime huo moto. Gabapentini inafaa, lakini figo zipimwe kwanza maana dozi inategemea figo.

Mama Zabibu: Mbona hamtaji amitriptilini, nayo ya maumivu hayo hayo? Bei chee, kidonge usiku, analala.

Chamwino Halisi: Dada, taratibu. Baba mkwe wangu alipewa na jirani, kidonge kizima, hakuna aliyemuuliza kitu. Mzee ana tezi dume. Usiku mkojo ukagoma, tumbo limevimba, anatukana hadi mbuzi zizini. Tukamkimbiza hospitali kwa bodaboda, tumembana katikati, wakamwekea mpira. Mpaka leo akiona kidonge cha rangi yoyote anauliza, "Ni kile?"

Mama Zabibu: Mama yake hana tezi dume.

Chamwino Halisi: Ana moyo, lakini. Nayo huchezea mapigo.

Msukuma wa Dom: Basi ale mlenda, una vitamini zote.

Tabibu Mstaafu: B12 haimo kwenye majani. Nyama, maini, mayai, maziwa.

Msukuma wa Dom: Kwa hiyo Jumamosi mnadani Msalato!

Bi Nkuhungu: Nyama yenyewe ilivyopanda? Mwezi huu nimeishia kwenye utumbo.

Kijana wa Kizota: Kipimo cha B12 kinalipiwa na bima?

Mama Zabibu: Bima gani?