Kadi ya njano bila sindano: tunauziwa muhuri, tunaambiwa tumechanjwa

Ndugu wanajamvi,

Nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Wiki chache zilizopita mdogo wangu, ambaye ni dereva wa malori yanayopeleka mizigo Lubumbashi, alirudi nyumbani na kadi mpya ya njano inayothibitisha kwamba amechanjwa dhidi ya homa ya manjano. Kadi ilikuwa na muhuri, saini na namba ya toleo la chanjo; kilichokosekana ni sindano yenyewe. Tarehe ya kuchanjwa iliyoandikwa humo ilikuwa ya siku 14 nyuma, siku ambayo mimi mwenyewe nilimtumia fedha ya chakula akiwa amekwama Mbeya na lori lililoharibika giaboksi. Nilipomuuliza, alinijibu bila wasiwasi wowote kwamba ofisini kwao ndivyo inavyofanyika: kijana wa ofisi hukusanya nakala za pasipoti za madereva, shilingi 40,000 hukatwa kwenye posho ya kila mmoja, na jioni kadi hurudi zikiwa zimefungwa pamoja kwa mpira.

Naomba nieleweke. Simlalamikii kishoka mmoja anayesimama getini na bahasha. Nalalamikia mnyororo mzima, kuanzia mwajiri anayempa dereva taarifa ya safari Jumatatu na kumtaka awe njiani Jumatano, mpaka mtu aliye ndani ya kituo cha chanjo ambaye anaukabidhi muhuri aliopewa kwa dhamana ya umma. Muhuri hauwezi kutoka droo yake ukaenda mtaani wenyewe.

Wengi wetu tumeizoea kadi hii kama stakabadhi ya kupitia mpakani, sawa na kibali cha gari, na ndiyo maana hatuoni uzito wa jambo lenyewe. Homa ya manjano haina dawa inayoua virusi vyake. Mgonjwa hupewa maji, hutulizwa homa, na mwili wake huachwa upambane. Wengi hupona baada ya siku chache za homa, maumivu ya mgongo na kutapika. Wachache ambao ugonjwa huwarudia kwa mara ya pili, ini na figo zikaanza kushindwa kazi, macho yakawa ya manjano na damu ikaanza kutoka mdomoni na puani, nusu yao hufa ndani ya siku 7 hadi 10. Chanjo iliyopo ni dozi moja tu, na huo ndio uchungu wangu mkubwa: kinga ya maisha yote inapatikana kwa sindano moja ya begani, na bado tunaikwepa kwa kununua karatasi.

Kuna watakaosema kwamba huku kwetu ugonjwa huu hausikiki. Wakumbuke yaliyotokea Angola. Mlipuko ulianza Luanda mwishoni mwa mwaka 2015, ukavuka mpaka kuingia Kongo, na mwaka 2016 wafanyakazi 11 wa Kichina waliokuwa Angola walirudi kwao wakiwa wameambukizwa, ikawa mara ya kwanza kwa wagonjwa wa homa ya manjano kuthibitishwa China. Majirani zetu Kenya nao walipokea wagonjwa wawili waliotokea Angola mwaka huo huo. Chanjo ilipungua duniani kiasi kwamba mwezi Agosti watu wa Kinshasa walichanjwa kwa moja ya tano ya dozi ya kawaida ili iweze kuwatosha. Wakati wenzetu wanagawana dozi moja watu watano, sisi tunaacha dozi nzima kwenye jokofu na kuchukua muhuri!

Mbu anayeeneza ugonjwa huu, Aedes aegypti, yule mwenye mabaka meupe miguuni, tunaye Dar es Salaam. Ndiye aliyetuletea mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimzuii, na dereva anayekaa siku kadhaa kwenye foleni ya Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, akipika chini ya trela anaumwa saa ambazo hakuna anayewaza mbu. Akirudi na virusi kwenye damu, kadi yake ikiwa safi na mwili wake ukiwa mtupu, ofisa wa afya wa mpakani atampitisha kwa heshima zote, kwa sababu karatasi inasema amekingwa.

Nilimchukua mdogo wangu tukaenda kwenye kituo cha chanjo. Mhudumu wa kwanza tuliyemkuta aliitazama ile kadi na kutuuliza, "Si ana kadi tayari? Sasa mnahangaikia nini?" Hakushtuka kuona tunaomba sindano ambayo kadi inadai ilikwisha kuchomwa. Tulikwenda kituo kingine, na huko, nakiri kwa shukrani, muuguzi alimkalisha chini na kumuuliza maswali ambayo kila msafiri angepaswa kuulizwa: kama mayai humletea madhara makubwa, kama anatumia dawa zinazopunguza kinga, kama amewahi kuugua tezi ya thimasi, ile ya kifuani inayosaidia kujenga kinga. Chanjo hii ina virusi hai vilivyodhoofishwa, na kwa mtu ambaye kinga yake iko chini sana inaweza kuwa hatari. Wajawazito na wenye umri wa miaka 60 na kuendelea nao wanahitaji kupimiwa faida na hatari kabla ya kuchomwa. Yule ambaye kiafya hawezi kuchanjwa huandikiwa na daktari cheti cha msamaha, ambacho kinatambuliwa katika kanuni za afya za kimataifa, ingawa nchi anayokwenda ndiyo yenye uamuzi wa mwisho wa kukikubali. Kishoka hamwulizi mtu lolote kati ya hayo.

Muuguzi huyo pia ndiye aliyetueleza kwa nini vishoka wananawiri. Chupa ya dozi 10 ikishachanganywa na maji yake lazima itumike ndani ya saa 6, kinachobaki kinatupwa, kwa hiyo vituo vingine husubiri watu watimie na kumwambia aliyekuja peke yake arudi siku nyingine. Naielewa hoja ya kutotupa dawa. Lakini siku za kuchanja zibandikwe mlangoni, maana msafiri anayerudishwa mara mbili bila maelezo ndiye anayeangukia mikononi mwa yule wa getini.

Mdogo wangu alichanjwa, akapewa kadi yenye tarehe ya kweli. Kadi hiyo huanza kutambulika baada ya siku 10, muda ambao mwili unahitaji kujenga kinga, kwa hiyo akaikosa safari pamoja na posho yake. Lori alipewa mwenzake, baba wa watoto watatu, ambaye ameondoka na kadi ya kishoka. Mwajiri aliyeijua ratiba ya mzigo mapema angeweza kuwachanja madereva wake wote kwa siku moja na asingerudia tena, kwani tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni halali kwa maisha yote ya mwenye nayo, zikiwemo zile za zamani zilizoandikwa miaka 10. Badala yake madereva waliochanjwa kihalali wanaambiwa kadi zao "zimekwisha muda" na kuuziwa nyingine. Huo ni wizi wa mchana kweupe.

Nimesikia sasa vishoka hao hao wanawafuata hata wanaojiandaa kwenda Hija, wakiwaahidi cheti cha chanjo ya homa ya uti wa mgongo bila kufika kituoni. Chanjo hiyo Saudi Arabia inaidai kwa sababu nzito: mwaka 2000 mahujaji waliorejea makwao walisambaza bakteria wa aina ya W135 katika nchi kadhaa, na watu walikufa.

Naomba jambo moja kwa madereva, matingo na wafanyabiashara wa njia ya Tunduma mliomo humu. Fungueni kadi zenu mtazame safu ya mtengenezaji na namba ya toleo. Katika kadi nne za wenzake mdogo wangu nilizoonyeshwa, namba ni ile ile na saini ni ile ile, ilhali tarehe zinapishana kwa zaidi ya miaka miwili. Kama nawe unayo ya namna hiyo, andika hapa mwaka ulioandikwa na herufi mbili za mwanzo za namba hiyo, bila jina wala pasipoti. Nataka niende kwa wahusika nikiwa na kadi nyingi zaidi ya hizi nne.