Risiti imeandikwa "Mengineyo": bustani za Mombasa siku hizi mwatutoza kwa urefu wa lenzi?

Salaam kwenu nyote. Naandika nikiwa na hasira, kwa hivyo atakayekuta neno kali anisamehe mapema.

Mkononi nina risiti ya shilingi 1,000. Tarehe ni ya Jumapili iliyopita, mhuri wa buluu umefifia upande mmoja, na pale panapoandikwa malipo ni ya nini pana neno moja tu, kwa kalamu: "Mengineyo". Hayo mengineyo ni kamera yangu.

Mimi si mpiga picha wa kazi. Wiki nzima niko na makaratasi ya kutoa mizigo ya watu bandarini, mpaka Jumamosi mchana. Jumapili ndiyo yangu. Nina Canon 600D niliyoinunua mkono wa pili, megapikseli 18, mpira wake wa kushikia ulibanduka nikaurudisha kwa gundi ya viatu. Lenzi ninayo moja ndefu, ya 70-300, nayo unyevu wa Pwani umeshaiotesha kuvu ndani, ukiielekeza kwenye taa waona nyuzi nyuzi kama utando wa buibui. Huilaza kwenye kopo la plastiki pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Ukitokea kwenye kupamba na chombo hiki, mama wa bi arusi atakurudisha mlangoni.

Sasa sikilizeni. Nilikwenda bustani moja ya kulipia, iko kando ya mikoko, jina silitaji kwa sababu ugonjwa huu si wa hapo peke yake. Nimelipa kiingilio kama watu. Nimeshapita kizuizi, askari kijana akaiona lenzi inachungulia mkobani.

"Dada, hiyo kamera ni ya kazi."

"Kazi gani, kaka?"

"Ya arusi. Leo mwapiga arusi ya nani?"

Mwanamke wa buibui akishika kamera Mombasa basi ni wa arusi, hakuna jingine. Nikamwambia nimekuja kupiga ndege. Akanitazama, akatazama mkoba, akauliza, "Kupiga ndege? Kwani una manati humo?" Nilicheka, sitadanganya. Kicheko kiliisha aliponiambia ada ya kamera ni 2,000.

Nikamwomba anionyeshe palipoandikwa. Ubao wa bei upo pale pale getini, umepakwa rangi vizuri: mkubwa, mtoto, mwanafunzi, mgeni wa nje, gari. Kamera haipo. Akasema hiyo iko ofisini. Ofisini nako hakuna karatasi, kuna bwana mmoja na kikombe cha chai, naye akasema inategemea na kamera. Inategemea na kamera vipi? "Kama ni hizi kubwa."

Wakati nasimama hapo wamepita vijana watatu na simu zao, taa ya duara, kijiti cha kushikia simu kisichotikisika, na mfuko wa shati za kubadilisha. Mmoja anauza nguo mitandaoni, alisema mwenyewe kwa sauti, na leo amekuja kupiga matangazo. Hiyo si biashara? Askari akawafungulia na salamu juu. Nikauliza, nikajibiwa, "Wale ni simu, dada. Simu haina neno."

Simu yenyewe ina megapikseli 50. Yangu 18, na kuvu. Lakini simu yaingia mfukoni na lenzi yangu haingii, basi mimi ndiye mfanyabiashara. Yaani mtu anapimwa kwa urefu wa bomba, kama mteja wa fundi mifereji.

Tukavutana. 2,000 ikawa 1,500, ikawa 1,000. Ada gani hiyo inayoshuka ukibishana nayo? Hiyo ni bei ya mtumba Kongowea, tena kule angalau naondoka na blauzi. Nikatoa kwa sababu nauli ya kuja nimeshalipa na siku yangu ni moja. Na nikasimama mpaka nikaandikiwa risiti. Ndiyo hii ya "Mengineyo".

Hapo bado sijafika kwenye linaloniuma zaidi. Wale msiopiga picha mtaniona napiga kelele za bure, lakini nuru ina saa zake. Huku kwetu karibu na ikweta jua halichomozi kwa kujivuta, linapanda moja kwa moja. Linatoka saa kumi na mbili na dakika zake, na ile rangi ya manjano inayolainisha kila kitu hudumu nusu saa, ukibahatika dakika arobaini. Kufika saa mbili mchanga umekuwa mweupe, majani yanang'aa kama yamepakwa mafuta, kivuli cha uso wa mtu ni shimo jeusi. Na ndege nao wameshakula asubuhi, wanajificha joto. Bustani hiyo inafungua saa tatu. Jioni wanaanza kupiga filimbi ya kututoa saa kumi na moja na nusu, wakati nuru ndiyo kwanza inarudi. Kwa hivyo nimelipa ada ya kamera kwa zile saa ambazo kamera haina faida nazo.

Kumaliza mabishano ilikuwa saa nne kasorobo. Hata hivyo Mungu hamtupi mja wake, nikamkuta mdiria. Ametua kwenye tawi kavu la mkoko, mdomo mwekundu kama pilipili, mgongo wa buluu, anayatazama maji yaliyokuwa yakipwa. Nilipiga magoti kwenye tope na buibui langu, nikafungua stendi taratibu, mguu mmoja, wa pili. Mdiria akiinamisha kichwa hivi ujue anataka kupiga mbizi, na picha ni ile nukta anapoachia tawi. Akainamisha kichwa.

Firimbi!

Askari mwingine, mtu mzima huyu, anakuja mbio: "Mama, stendi hairuhusiwi! Stendi ni ya watu wa sinema!" Nikamwambia, "Baba, nimelipa 1,000, risiti hii hapa." Akaisoma, akaigeuza nyuma, akasema hapa hapajaandikwa stendi. Kweli, hapajaandikwa. Hapajaandikwa hata kamera.

Kabla hamjaniambia kwamba sipendi sheria: pale feri ya Likoni picha haziruhusiwi, na mimi navuka pale miaka yote na kamera imefungwa mkobani. Sijawahi kulalamika. Katazo linajulikana na linamshika kila mtu, mwenye simu na mwenye kamera. Vivyo hivyo mtu akitaka kurusha droni, kuna kanuni za nchi za mwaka 2020, aende akaombe kibali. Ninachokikataa ni sheria inayozaliwa pale askari anapouona mkoba wangu.

Na haina haja kuwa hivi. Nimekwenda Jumba la Mtwana, yale magofu ya karne ya 14 kule Mtwapa, nikalipa kiingilio nikashinda kutwa nikipiga msikiti ulio karibu na bahari na mizizi iliyokumbatia kuta. Mzee aliyekuwepo siku hiyo ndiye aliyenielekeza nisimame upande gani kivuli kikilala. Shimba Hills ndio usiseme. Tulipanda gari Likoni alfajiri, tukakuta ukungu bado umelala juu ya vilima, na dume la palahala, yule swala mkubwa, limesimama nyasini, jeusi ti, pembe zimepinda kuelekea mgongoni. Kenya nzima palahala wa porini ni hapo tu. Askari wa wanyamapori alituzimisha injini, akatuambia tusishuke, akatuacha tupige. Hakuuliza urefu wa lenzi. Alichotaka ni kuiona picha baadaye, nami nikamtumia.

Ninalotaka ni dogo. Kama kamera ina ada, iandikwe ubaoni pamoja na ya gari na ya mtoto, iwe moja kwa simu na kwa kamera, au muulize mtu anapiga kwa biashara au la na mtoze biashara. Mkitaka hela zetu zaidi, fungueni saa kumi na mbili asubuhi hata mara moja kwa mwezi mtutoze hiyo 1,000 kwa haki. Mimi nitakuwa wa kwanza getini, na wenzangu wanne watano nawajua watakuja.

Kama yamewakuta, wekeni risiti zenu hapa, ficheni majina. Nataka kuona wengine mmeandikiwa nini.

NIMEONGEZA, saa mbili usiku: Kuna ndugu amesema niuze kamera nipige kwa simu yaishe. Ndugu yangu, mdiria yuko mita ishirini, hebu mpige kwa simu yako utuletee hicho kidoa tukione. Na yule aliyeuliza kwa nini sikumpa askari "kitu kidogo" nikapita: kwa sababu kingekuwa hakina risiti, na uzi huu ningeufungua na nini?

Wengi mmeomba kuiona picha yenyewe. Nimeiweka hapo chini. Ni tawi kavu, maji nyuma yake, na kwenye kona ya juu kulia pana ncha ya bawa la buluu.